Waraka kwa wenye magari wenzangu: rudisheni majibu

Ndugu zangu wa kijiwe cha Jumamosi, wa IST, wa Vitz, wa Forester, mzee wetu wa Mark II, na yule kaka ambaye gari lake liko juu ya mawe tangu mfungo wa Ramadhani lakini kikao hakosi: salaam nyingi.

Niliombwa niandike waraka wa michango. Michango itangoja, anayedaiwa anajijua. Leo nina jambo jingine, na nimelibeba kifuani muda mrefu.

Sisi kuuliza tunajua, kushauri ndiyo usiseme. Tusichojua ni kurudi. Mtu anakuja gari linatetemeka, watu saba wanampa majibu saba, anaondoka. Jumamosi inayofuata anaegesha gari limetulia kama maji ya mtungini, anaagiza chai, tunaanza kubishana Simba na Yanga. Lipi kati ya yale saba lilimponya? Hakuna anayejua. Mwezi mmoja baadaye anakuja mwingine na mtetemeko uleule, nasi tunaanza upya kwenye plagi.

Nianze na langu, nisije nikaonekana nawasema watu. Mwaka jana taa ya injini iliwaka kwenye Allion yangu. Nikachomeka kile kidude cha bluetooth chini ya usukani, simu ikaandika P0171. Namba hiyo maana yake ni moja tu: kompyuta ya gari imeona mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi, petroli haba. Haijasema sensa mbovu. Haijasema pampu imechoka. Ni kama mtoto anayekuja jikoni kukwambia, "Mama, kuna harufu." Harufu ya nini na inatoka wapi, hiyo ni kazi yako.

Lakini pale kijiweni tulikuwa na haraka. Mmoja akasema sensa ya oksijeni. Nikaenda Gerezani nikanunua ya mtumba, nikafuta namba, taa ikazima. Siku ya tatu ikarudi. Mwingine akasema basi ni sensa ya hewa. Nikanunua na hiyo. Taa ikarudi tena, safari hii siku ya pili. Laki mbili na themanini zilikuwa zimeshakwenda, na gari linakunywa mafuta kama harusi ya Mzaramo.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima huko Magomeni. Mashine hakuigusa kwanza. Alifungua boneti, akashika ule mpira mweusi unaotoka kwenye kichujio cha hewa kwenda kwenye injini, wenye mikunjo kama tumbo la kodiani, akaanza kuukunjua mkunjo mmoja mmoja kwa dole gumba. Kwenye mkunjo wa chini, upande usioonekana ukisimama mbele ya gari, palikuwa na ufa wenye urefu wa ukucha. Akiachia, unajifunga. Akikunja, unafungua mdomo. Kila injini inapocheza kwenye maunti zake, ule mdomo unavuta hewa ambayo sensa haikuihesabu.

Ndipo akaniambia sasa washa simu utazame. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli asilimia 25 juu ya kawaida. Akanikanyagisha hadi mizunguko 2,500. Ile namba ikashuka mpaka 7. Akanieleza kwa nini, na hili ndilo ningependa tulikariri. Injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inayopita kwenye ufa ni sehemu kubwa ya yote. Ukikanyaga, injini inavuta hewa nyingi, na wizi ule unamezwa. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka, mambo yangekuwa kinyume: kadiri unavyokanyaga ndivyo upungufu unavyozidi. Dakika mbili za kutazama namba zingenionyesha nianzie wapi kabla sijatoa hata mia.

Na mimi je, nilirudi kuwaambia? Sikurudi. Niliona haya ya laki mbili na themanini. Mwezi wa saba dada wa Premio akaja na P0171 ileile, mkamtuma akanunue sensa ya oksijeni, nami nimekaa palepale natafuna kashata. Nilifungua mdomo Jumamosi iliyofuata, ameshanunua. Dada, hapa mbele ya wote: naomba radhi, na nusu ya ile pesa ni juu yangu.

Upande wa pili wa ugonjwa huu ni wa mshauri. Mnaikumbuka habari ya gia boksi ya IST. Kijana wetu mpya aliuliza aweke haidroliki gani. Mwenzetu mwenye IST, mtu mkweli kabisa, akamjibu: weka kama yangu, ile nyekundu ya kawaida, mwaka wa nne huu sijapata shida. Alisema kweli. Ila ilikuwa kweli ya gari lake. IST yake ni ya toleo la kwanza, lile lililoanza mwaka 2002, lenye gia nne za otomatiki. Ya kijana ni ya toleo la 2007 kuja juu, NCP110. Jina lilelile, injini ileile ya 1NZ ya 1,500, lakini gia boksi ni CVT. Humo ndani hakuna gia za kupanda na kushuka. Kuna mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na kinachouzuia usiteleze ni ile haidroliki yake maalumu. Ukimwaga ya kawaida, chuma kinasaga chuma. Kijana alianza kusikia mvumo, kisha gari likawa linachelewa kuondoka kwenye mataa, na baada ya hapo mnajua wenyewe gia boksi ya mtumba ni bei gani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoshauri ni hili. Ukifungua mdomo, sema kwanza gari lako ni lipi: mwaka, injini, zile herufi na namba za mwanzo za chesisi. Kisha sema ushauri wako umeutoa wapi. Umefanya mwenyewe? Umeona kwa fundi? Au umesikia? Kusikia si dhambi, mradi ukiri kwamba umesikia. Tumeogopa sana kuonekana hatujui, ndiyo maana kila mmoja wetu anageuka fundi maiko akishika kikombe cha kahawa.

Mzee wa Mark II ndiye namsifu katika hili, ingawa akisoma atajivuna. Aliposema gia uliyopandia mlima Kitonga ndiyo ya kushukia, hakutoa hekima ya kitabuni. Alitusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoshuka na D huku amekanyaga breki njia nzima, moshi ukatoka kwenye magurudumu ya mbele, pedali ikazama hadi karibu na sakafu, akasimamishwa na kilima na Mungu. Wengi wetu tumeshuka Kitonga baada ya hapo, na kila aliyeshuka alirudi kusema alitumia gia ipi na breki zilinukaje. Ushauri ule sasa ni wetu sote.

Haya mambo hayaishii kwenye boneti. Mnajua nusu ya maswali yetu siku hizi ni ya kompyuta, na magari yenyewe yamekuwa kompyuta zenye matairi. Mara ngapi tumemwambia mtu chomoa betri dakika kumi, gari litajisahihisha, bila kumuuliza kama redio yake ni kati ya zile za Kijapani? Anarudisha betri, redio imejifunga, inaomba namba, na skrini nzima ni Kijapani. Uliza kwanza, shauri baadaye.

Kwenye laptopu tumekuwa wabaya zaidi. Dawa yetu ni moja: piga Windows upya. Kuna mwenzetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, laptopu yake ilikuwa nzito na inatoa mlio wa tik, tik, tik. Mlio ule ni diski inayokufa. Hakuna aliyemuuliza kama mahesabu ya duka ameyanakili mahali pengine. Akapiga Windows upya kama tulivyomwambia. Diski ikafia katikati ya kazi, na madeni ya wateja wa miaka mitatu yakaenda nayo. Alikaa miezi bila kutuambia, na ndiyo sababu mwingine naye aliambiwa vilevile. Nawaomba swali la kwanza kwa mwenye laptopu liwe: umeshanakili vitu vyako? Na kwa kuwa Windows 10 iliachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yatazidi. Mashine nyingi za mtumba tulizonazo hazikidhi masharti ya Windows 11. Atakayejaribu Linux kwenye ya kwake, au kununua nyingine, arudi atuambie ilikuwaje, hata kama ilimshinda.

Juu ya maisha nitasema machache. Tumesaidiana kutafuta shule, mafundi ujenzi, hata wachumba. Kiwanja ndicho kilichonitia hofu: tulimwambia mtu karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inatosha, wakati eneo lenyewe lilikuwa limepimwa na hakuna aliyemwambia akaombe upekuzi ofisi ya ardhi. Na yule aliyeambiwa aache vidonge vya presha atafune kitunguu saumu, nawaomba sana. Pale tusipoweza kufungua boneti, tunyamaze, tumpeleke mtu hospitali.

Sasa liko moja ambalo sitaki lingoje Jumamosi. Wengi tunaendesha magari yaliyotoka Japani miaka ile eabegi zilipokuwa zinatengenezwa na Takata. Kampuni hiyo iliomba kufilisika Juni 2017, kwa sababu ya kosa lililofanya mamilioni ya magari duniani yaitwe yabadilishiwe eabegi. Vidonge vinavyojaza eabegi vilitengenezwa kwa amonium naitreti. Vikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu vinaharibika. Siku ya ajali vinalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka, na vipande vinaruka kuelekea kwa dereva au abiria. Joto na unyevu: mtaelewa kwa nini mtu wa Dar es Salaam anapaswa kushtuka kuliko mtu wa Sapporo, Japani kwenye baridi. Zimo Corolla, zimo Vitz, zimo Honda Fit, na nyingine nyingi. Magari mengine yalipanda meli kabla hayajabadilishiwa.

Toyota ya Japani ina ukurasa ambapo unaingiza namba ya chesisi na unaambiwa kama gari lina wito ambao haujashughulikiwa. Ni wa Kijapani, lakini simu inatafsiri vya kutosha. Tumepima manne mpaka sasa. Matatu yako salama. La nne, Vitz, lina wito. Mwenyewe ameandika kwa wakala wa Toyota na bado hajajibiwa. Kwa sasa mkewe anakaa kiti cha nyuma, jambo ambalo limeleta maneno nyumbani. Wengine leteni kadi za magari Jumamosi tupime yote yaliyobaki. Atakayejibiwa na wakala, jibu lolote, hata la kukataliwa, alilete.

Nimenunua daftari kubwa la mistari, nimelikabidhi kwa mama wa kahawa alitunze. Ukurasa wa kushoto swali, wa kulia majibu. Ukurasa wa kulia ukikaa mtupu mwezi mzima, nitakupigia simu, na mnajua nikipiga huwa sikati upesi.

Yaliyo wazi mpaka leo ni haya. Dada wa Forester, ule mlio wa mbele kushoto ukikata kona: ulikuwa bearing au joint ya ekseli? Kaka wa Noah, uliponunua yale matairi "mapya," tulikwambia usome tarakimu nne za mwisho za DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ulisoma nini? Nahisi ulisoma, na ndiyo maana hujaonekana. Njoo tu, hatutacheka sana.

Na kaka wa gari lililo juu ya mawe: ile koili uliyopewa na mzee wa Mark II ilikuwa ya kujaribia. Anaiulizia.

Katibu wenu