Magurudumu Mawili au Manne? Maoni Yangu Kuhusu Gari la Binamu

Mwaka huu nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya umuhimu wa lugha ya Kiswahili, kama ilivyo desturi ya jarida letu, lakini mhariri akaniambia kwamba tayari ana insha tisa za aina hiyo. Basi nimeamua kuandika juu ya jambo linalozusha ugomvi kila jioni pale langoni, tunapongoja mvua ipungue turudi makwetu. Je, gari la kasi la milango miwili, lile watu huliita "kupe", lafaa kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake au na yote manne?

(Walimu wa Kiswahili wasinikasirikie kwa neno hilo. Najua kupe ni yule mdudu anayefyonza damu ya ng'ombe. Lakini binamu yangu akishaanza kulipa mkopo wa sacco, nadhani atakubali kwamba jina limefaa.)

Kwangu mimi swali hili si porojo. Binamu yangu huyo anafanya kazi Nairobi na anataka kununua gari lake la kwanza. Ameshachuja hadi yakabaki mawili. La kwanza ni Toyota 86, ambalo husukumwa na magurudumu ya nyuma. La pili ni Audi TT ya quattro, ambayo nguvu za injini hufika kwenye magurudumu yote manne. (Si kila TT ni quattro, ni lazima mtu achunguze kabla ya kutoa pesa.) Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka minane kuletwa nchini, bei zote mbili zinauma, na hana uwezo wa kununua la pili akikosea la kwanza. Aliniomba maoni kwa sababu anajua tangu darasa la nne nimekuwa nikikusanya habari za Safari Rally katika daftari moja kuukuu.

Nilimjibu papo hapo: nyuma! Na ushahidi nilikuwa nao.

Mwaka wa 1984 Audi walikuja hapa kwetu na Quattro yao, kupe la magurudumu manne lililokuwa limewatia watu hofu huko Ulaya. Toyota wakaleta Celica, kupe lenye turbo lakini linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nani aliibuka mshindi? Björn Waldegård wa Uswidi katika Celica. Wa pili akawa Rauno Aaltonen katika Opel Manta, nyuma tena. Quattro ya Hannu Mikkola ikawa ya tatu. Mwaka wa 1985 Celica ikashinda mikononi mwa Juha Kankkunen, na mwaka wa 1986 Waldegård akarudia. Mara tatu mfululizo, jamani! Kabla yao, Datsun 240Z ilishinda mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka wa 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Peugeot 504 ya kupe nayo ikashinda mwaka wa 1978. Yote hayo ni magari ya kusukumwa na nyuma. Mashindano ya siku hizo yalikuwa ya maelfu ya kilomita, na nionavyo mimi, gari lenye vyuma vichache lilikuwa na vichache vya kuvunjika.

Na ninyi mashabiki wa Subaru mnaonizomea darasani, hebu nijibuni. Mbona Subaru wenyewe, ambao jina lao ni magurudumu manne, walipotoa kupe lao la BRZ mwaka wa 2012 pamoja na Toyota, walilipa magurudumu ya nyuma peke yake? Ni kwa sababu magurudumu ya mbele yakiachiwa kazi ya kukata kona tu, usukani hukaa mwepesi na dereva huhisi barabara. Gari huwa jepesi, halinywi petroli ovyo, na fundi wa mtaani huweza kulitengeneza.

Nilimwandikia binamu kurasa mbili za maneno kama hayo. Nilijiona wakili.

Kisha ukaja mwezi wa Aprili. Binamu alikuja nyumbani wikendi moja na kupe la rafiki yake, la kusukumwa na nyuma, ili alionje kabla ya kununua. Alitoka Nairobi hadi Marua kama mtu anayetelezea juu ya kioo, maana ile barabara pana ya Kenol hadi Marua ni raha tupu. Lakini kwetu ni upande wa Othaya, kwenye majani chai, na kutoka kwenye lami hadi kwa nyanya yetu ni kilomita tatu za udongo mwekundu. Aliingia Jumamosi adhuhuri, jua likiwaka. Usiku ule mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka.

Saa kumi za usiku nyanya, ambaye sisi humwita Cucu, alishikwa na kifua. Alikuwa anapumua kwa taabu, midomo imekauka. Tukambeba hadi kwenye lile kupe, tukamlaza kiti cha mbele, mimi na mama tukajikunja nyuma kama magunia. Mita mia mbili tu, tulipofika kwenye kile kilima cha kwanza, magurudumu ya nyuma yakaanza kuimba. Gari likasimama. Likaanza kurudi kinyumenyume taratibu likielekea mtaroni. Mimi nikashuka, vijana wawili wa jirani wakaja na tochi, wakakaa juu ya buti ili kuongeza uzito. Likapanda labda mita ishirini, halafu mkia ukageuka na tairi moja ikaingia kwenye mtaro. Nilichungulia chini ya gari. Tumbo halikuwa limegusa udongo hata kidogo, ila tairi tu zilikuwa zinateleza. Binamu alikuwa anashikilia usukani na machozi yanamtoka. Cucu akamwambia kwa sauti ndogo, "Wacha kulia, endesha." Ataendesha nini?

Tuliokolewa na mzee mmoja jirani aliyekuwa anapeleka kabichi sokoni Karatina kwa Pijo yake ya pikapu, 504, gari lililo na umri kumshinda baba yangu. Hakusimama pale tulipokuwa, maana angesimama asingeondoka tena. Alitupita polepole, akapanda hadi juu kabisa, akatungoja. Tulimbeba Cucu mikononi kupanda kilima chote. Alifika hospitali Nyeri mjini kumeshapambazuka, akalazwa siku sita na nimonia. Sasa amepona na anatucheka. Lakini mimi nilikuwa nyuma juu ya zile kabichi, nikinyeshewa na kufikiria zile kurasa zangu mbili.

Jumatatu nilipowasimulia wenzangu, walishangilia: "Si tulikwambia fowili!" Hapo ndipo wanapokosea nusu. Hiyo Pijo ni ya kusukumwa na nyuma pia! Tofauti ni kwamba ilikuwa na magunia ya kabichi juu kabisa ya magurudumu yanayosukuma, na tairi zake zilikuwa na meno. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba msuguano huongezeka kadiri uzito unavyokandamiza. Kupe halina kitu nyuma ila buti tupu na tairi pana laini. Na difu ya kawaida ina ubaya mmoja, kwamba gurudumu moja likianza kuteleza, lile lenzake linabaki halina nguvu ya maana.

Tena nilikuwa nimemficha binamu nusu ya daftari langu, na hiyo haikuwa haki. Mwaka wa 1987 Mikkola alishinda Safari katika Audi 200 ya magurudumu manne, na tangu hapo hakuna gari la kusukumwa na nyuma lililowahi kushinda Safari ikiwa mashindano ya dunia, wala tangu iliporudi Naivasha mwaka wa 2021. Celica yenyewe ilibadilishwa. Waldegård yuleyule alishinda mwaka wa 1990 katika Celica ya magurudumu manne, kisha Carlos Sainz mwaka wa 1992, Kankkunen 1993, na Mkenya mwenzetu Ian Duncan 1994. Kama Toyota walioshinda mara tatu kwa magurudumu ya nyuma waliona heri wabadilike, mimi ni nani?

Kwa hivyo maoni yangu sasa ni haya, na nayaandika huku moyo ukiniuma kidogo kwa sababu ile Toyota bado naiota. Kwa mtu wa kwetu atakayekuwa na gari moja tu, achukue magurudumu manne. Wenzangu wengine wanasema kilomita mia moja na hamsini za lami zinashinda tatu za matope. Sikubali. Zile mia na hamsini kila gari linaziweza, hata basi. Zile tatu ndizo ziko na Cucu mwisho wake.

Lakini tusidanganyane. Magurudumu manne hukusaidia kuondoka na kupanda, hayakusaidii kusimama. Kila gari lina breki nne, hata Probox. Katika miteremko ya kuelekea Mto Gura mvua ikinyesha, mwenye fowili aliyeingia kwa kasi huteleza sawasawa na yeyote yule, na pengine ndiye huingia kwa kasi zaidi kwa sababu alipanda bila shida. Tena tairi zote nne lazima ziwe za saizi moja na zilizolika sawa, la sivyo mashine ya kugawa nguvu huumia. Anayezoea kununua tairi moja moja ya mtumba, hilo gari si lake.

Nilimwandikia binamu haya yote, kurasa tatu safari hii. Jumapili iliyopita alipiga simu akasema amekwenda kuiona TT na ameipenda. Cucu akaomba apewe simu, akamwuliza kama buti ya hiyo gari inaingiza gunia la viazi. Binamu alinyamaza kidogo, halafu akasema ataenda kupima.