Ua Halingoji Kikao

Kila mwaka, kusi inapokaza na asubuhi za Likombe kuwa za baridi na umande, mikorosho huanza kuchomoza mashada ya maua. Majira hayo hayo ndiyo ya adui wake mkubwa, ubwiri unga. Ukungu huu hutanda kama vumbi jeupe juu ya maua na machipukizi. Ua hukauka na kuanguka, na korosho isizaliwe. Ndugu zetu wa visiwani, ambao karafuu yao ni ua lisilofunguka, hawahitaji kuelezwa hasara hiyo.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Ugonjwa haukuwa sababu pekee: watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa duni. Lakini shamba lililotelekezwa liligeuka makao ya ugonjwa. Nafuu ilipatikana baada ya watafiti wa Naliendele kuhimiza matumizi ya salfa, usafi wa mashamba na miche inayostahimili ubwiri. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000.

Funzo ni moja: salfa ni kinga, si tiba. Hupulizwa alfajiri, umande ungalipo na upepo umetulia, mara mashada yanapoanza kutoka. Kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi. Salfa inayofika ghalani maua yamekwisha kukauka ni mzigo tu, hata ikitolewa bure. Kwa hiyo viongozi wasihesabu mifuko waliyogawa pekee. Wahesabu na tarehe iliyomfikia mkulima.

Mkulima naye ana wajibu wake. Apogoe matawi ili jua lipenye, na ang'oe maotea, ambamo ukungu hujihifadhi hadi maua yarudi. Vimelea husafiri kwa upepo, na uzembe wa mmoja humwadhibu jirani. Wala asidhani kuzidisha salfa ni kuzidisha mavuno: vumbi liangukalo chini huongeza tindikali katika udongo wetu wa kichanga.

Tunatoa wito kwa wahusika wote: mipango ya salfa ikamilike kabla kusi haijaanza. Vikao vinaweza kuahirishwa, ua haliahirishwi.