Shule ya Kodi

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kwangu Tabata na karatasi kumi na moja alizotoka kuzichapisha steshenari. "Mjomba, wewe mtu wa vitabu, nisomee hii kabla ya Ijumaa. Nataka kujifunza kodi." Nikadhani anaomba kazi mamlaka ya mapato. Akanicheka. Kumbe kodi, kwa vijana wa leo, ni kuandika programu za kompyuta. Shule yenyewe, ambayo sitaitaja, haidai ada mwanzoni: unasoma kwanza, ukipata kazi ndipo unaikatia sehemu ya mshahara. "Na si mkopo, Mjomba. Wameandika wenyewe, ona hapa."

Niliona. Ilikuwa kwa wino mzito. Na sentensi ile nilikuwa naijua, maana nilishakutana nayo katika mkasa wa shule nyingine, ya Marekani.

Nitausimulia mkasa huo, ila kwanza niseme nagombana na nani. Nagombana na sisi. Likitajwa jambo la teknolojia kwenye vikao vyetu vya wasomaji, nusu wanasema fasihi imekwisha, tukajifunze kompyuta. Nusu wanasema hayo hayatuhusu, turudi kwenye riwaya. Pande zote mbili zinaamini jambo moja bila kujua: kwamba kusoma kwa makini ni kazi ya riwaya na ushairi tu, na mkataba ni karatasi ya mwanasheria. Shule ninayotaka kuieleza ilistawi juu ya imani hiyohiyo.

Lambda School ilianza mwaka 2017. Sura yake mbele ya umma ilikuwa Austen Allred, mmoja wa waasisi, na ililelewa na Y Combinator, kituo cha California kinachokuza kampuni changa. Jina lilitoka kwenye herufi ya Kigiriki ambayo Alonzo Church aliitumia katika miaka ya 1930 kuunda aina ya hesabu ambayo wanaprogramu huiheshimu sana. Jina zuri, tuseme ukweli. Masomo yalikuwa kwa intaneti, miezi sita mpaka tisa. Kambi za namna hii hazikuwa ngeni: Dev Bootcamp ya San Francisco ilifungua mlango 2012, na mwaka huohuo wa 2017 ikaufunga.

Masharti yalikuwa haya. Hulipi kitu unapoanza. Ukipata kazi yenye mshahara wa dola 50,000 kwa mwaka au zaidi, unatoa asilimia 17 ya mapato yako kwa miaka miwili, mpaka kikomo cha dola 30,000. Piga hesabu: anayepata dola 50,000 hizo anakatwa 8,500 kwa mwaka, kabla hajanunua hata mkate. Kiswahili chetu kina utani wake. Asilimia 17 ya mshahara inayokatwa kila mwezi, jamani, kama si kodi ni nini?

Lakini shule ilisema si deni. Ilisema haina riba wala gharama ya mkopo, haina hatari, na kwamba yenyewe hailipwi mpaka mwanafunzi alipwe. Katika nchi ambayo madeni ya wanafunzi yamepita dola trilioni 1.5, hebu fikiria neno "si deni" linavyoingia sikioni. Mhudumu wa mgahawa mwenye watoto wawili halisikii kama tangazo. Analisikia kama mtu aliyemwonea huruma.

Aprili 2024, CFPB, chombo cha serikali ya Marekani kinacholinda watumiaji wa huduma za fedha, kilitoa amri dhidi ya shule hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imeshabadili jina na kuitwa BloomTech. Kwa mujibu wa CFPB, kile kilikuwa mkopo tangu siku ya kwanza. Mikopo isiyopungua 11,000 ilitolewa. Wastani wa gharama iliyofichwa ndani ya kila mmoja ulikuwa kama dola 4,000. Ukikosa malipo mara moja tu, kiasi chote kilichobaki mpaka kile kikomo cha 30,000 kingeweza kudaiwa papo hapo. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Hawa waliifuta arusi kwenye kadi ili mtu asije akaulizia matanga.

Na lile la kusubiri mpaka mwanafunzi apate kazi? Mikopo mingi iliuzwa kwa wawekezaji, fedha zikaingia mapema, mwanafunzi akiwa bado anahangaika na mazoezi. Zaidi ya hapo, kifungu ambacho sheria inataka kiwemo, kile kinachomlinda mkopaji hata mkopo wake ukiuzwa kwa mtu mwingine, hakikuwekwa. Hapo ndipo ninapowaita wenzangu. Sisi si ndio tunaojisifu kwamba tunasoma ukimya wa matini? Tunajaza kurasa tukijadili mhusika asiyepewa jina, sura ambayo mwandishi ameiruka. Kifungu kilichorukwa katika mkataba wa kijana wa miaka ishirini na miwili hatukioni.

Sasa takwimu. Shule ilitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wahitimu walikuwa wakipata kazi. Hesabu zake za ndani, kwa mujibu wa CFPB, zilikuwa karibu na 50, na wakati mwingine zilishuka hadi 30. Kisha kuna lile ambalo mwandishi wa tamthilia angelitunga tungemwambia amezidisha chumvi. Allred aliandika Twitter kwamba katika moja ya makundi ya mwanzo wahitimu wote, asilimia mia, walipata kazi. Baadaye, katika ujumbe wa faragha, alikiri kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya mwanafunzi mmoja.

Mmoja! Asilimia mia ya mmoja. Sentensi haikuwa na kosa la sarufi, wala la hesabu.

Mtaniuliza: waliofanikiwa je? Wapo, sikatai, na wengine walitoka kwenye kazi ngumu za mshahara mdogo wakaingia ofisini. Mtaniambia pia chuo kikuu nacho kinadanganya. Kweli, na sijasema tukiache. Ila chuo kinapokukopesha kinauita mkopo, na neno hilo linakutisha inavyostahili. Hawa waliondoa woga wenyewe, ambao ndio ulinzi pekee alionao maskini mbele ya karatasi.

Adhabu? Shule ilipigwa marufuku ya kudumu ya kukopesha wateja. Allred alizuiwa miaka kumi kujihusisha na mikopo ya wanafunzi. Faini yao kwa pamoja ilikuwa dola 164,000. Gawanya kwa mikopo 11,000: haifiki hata dola 15 kwa kila mmoja.

Nikamrudishia mpwa wangu karatasi zake. Kila palipoandikwa "mgawo" niliweka juu yake, kwa kalamu nyekundu, neno "deni", tukaisoma tena kwa sauti kuanzia mwanzo. Ukurasa wa nne akanyamaza. Nikamwambia awaandikie swali moja: kati ya wote walioanza mwaka jana, wangapi wana kazi leo? Jibu lilikuja kesho yake asubuhi kwenye simu. Picha ya dada mmoja anatabasamu na kompyuta mpakato, na chini yake moyo na roketi.

Ijumaa ilipita, hakusaini. Bado hana kazi. Dada yangu, mama yake, hajapokea simu zangu tangu siku hiyo. Nimesikia anawaambia watu kanisani kwamba nimemfungia mtoto wake riziki kwa kalamu ya kusahihishia insha.