Waraka ni Nusu ya Kuonana



Wazee wetu wa pwani walisema: waraka ni nusu ya kuonana. Zama za majahazi, aliyeondoka na upepo wa kusi kwenda Uarabuni hakutarajiwa kurudi mpaka kaskazi ivume, na waraka aliokabidhiwa nahodha ndio uliokuwa habari ya miezi. Nami nilipokuwa mwanafunzi wa chuoni, miaka ya 1980, mama wa mtaani kwetu walikuwa wakiniita niwaandikie barua waume zao walioko Jeddah. Kila barua ilianza kwa salamu za watu wa nyumbani, mmoja mmoja, hata mtoto mchanga. Kisha ikauliza afya ya msafiri. Haja, ikiwa ipo, iliwekwa mwisho kabisa. Nikidhani ni kupoteza wino. Leo nimefahamu kuwa ile ilikuwa ni adabu.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja huku akilia. Binti yake yuko Riyadh kwa kazi za nyumbani, huu ni mwaka wa pili, na amemwachia mtoto wa miaka mitano. "Sheikh," akaniambia, "mwanangu amebadilika. Pesa hutuma, lakini simu yangu haishiki. Nimsomee dua gani?"

Nilimwomba tuzitazame pamoja jumbe alizompelekea. Karo ya kakake. Mabati ya jiko. Mchango wa harusi ya binamu. Deni la dukani. Kwa miezi mitatu hapakuwa na ujumbe hata mmoja uliouliza: umelala vipi, umekula nini, mwili wako u mzima? Yule mama aliinamisha kichwa. Sikuhitaji kuongeza neno.

Usiku ule alimpelekea ujumbe wa sauti wa kumjulia hali tu, na mjukuu akamsomea mamake Alhamdu aliyohifadhi chuoni. Jibu lilikuja usiku huo huo. Binti alikuwa ameugua mgongo wiki tatu, na hakumwambia mtu. Kila alipoliona jina la mamake kwenye simu, moyo wake ulishituka: leo wanataka kiasi gani?

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu katika aya ya kwanza ya Suratun-Nisaa ametuamrisha tumche Yeye na tuchunge haki za udugu wa tumbo. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, na aunge udugu wake. Kuunga si kudai. Mtu anaweza kupiga simu kila siku na kila siku akawa anakata.

Izingatieni Suratu Yusuf. Nabii Yaakub alilia hata macho yakapofuka kwa huzuni. Nyumbani kwake kulikuwa na njaa, na wanawe walileta nafaka kutoka Misri. Lakini kilichomrudishia macho mzee yule, kwa idhini ya Mola wake, hakikuwa shehena ya nafaka. Ilikuwa ni kanzu ya mwanawe.

Basi nawausia watu wa nyumbani. Wekeni siku na saa maalumu ya kuzungumza na msafiri wenu. Saa za Saudia ni sawa na zetu, na Imarati na Oman wametutangulia kwa saa moja tu. Imarati simu za WhatsApp huzuiliwa, lakini ujumbe wa sauti hupita, na msafiri huweza kuusikiliza usiku anapopata faragha. Mazungumzo ya kwanza ya wiki yasiwe na haja ndani yake. Mtoto na asikizishwe sauti ya mamake kabla ya kulala, asije akarudi mzazi akapokewa kama mgeni. Na ikitokea tanzia, msafiri apigiwe na mtu wa karibu, wala asiipate kwenye kundi la simu.

Nawe dada uliyeko ugenini, usinyamaze kwa kuogopa kuombwa. Sema: sina. Ni neno halali, na halivunji udugu. Wala usifiche maradhi yako. Imepokewa kwamba dua ya msafiri ni katika dua zisizorudishwa, na kadhalika dua ya mzazi. Lakini mzazi atakuombeaje jambo asilolijua?

Jambo la mwisho ni zito. Kimya si kiburi siku zote. Wako waliochukuliwa simu na waajiri wao, na wako walio katika dhiki. Kabla ya safari, iachwe nyumbani nakala ya pasipoti na ya mkataba, pamoja na jina na nambari ya mwajiri na ya wakala. Wekeaneni neno moja la siri, ambalo msafiri akilitaja mtajua kuwa hayuko salama, hata kama kuna mtu anamsikiliza. Siku mliyoagana ikipita bila habari, msikae mkimlaumu. Mtafuteni wakala siku hiyo hiyo, na mkikosa jibu ufikisheni mlango wa serikali na wa ubalozi wetu ulioko Riyadh.

Yule mama alirudi kwangu Ijumaa iliyopita. Binti amepelekwa hospitali na anaendelea vyema. Mabati ya jiko bado hayajanunuliwa, na mvua ikinyesha wanahamishia meko ukumbini. "Tutavumilia, Sheikh," akasema, "sasa nalijua jambo la kuombea dua."

Mola awahifadhi wasafiri wetu wote, awarudishe kwa salama. Amin. Wabillahi tawfiq.