Kakao ya Ituri: jina la mama liandikwe sasa

Vijana wenzetu wa Bunia, wa Irumu, wa Mambasa, na ninyi wote mnaotufuata kwa simu,

Siku hizi makampuni makubwa ya chokoleti na kahawa yana kiti kipya. Anayekikalia anaitwa mkuu wa maendeleo endelevu na ununuzi wa haki, na mara nyingi ni mwanamke. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kakao inayoingia kiwandani haikutoka kwenye msitu uliokatwa ovyo, wala kwenye jasho la mtoto, wala kwenye mikono ya wenye bunduki. Tunafurahi kuona mama kwenye kiti kile. Lakini tuko na swali moja kwake: Mama Direkta, kwenye orodha yako ya mashamba ya Ituri, limeandikwa jina la nani?

Tueleze juu ya nini tunauliza.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria namba 2023/1115. Kakao, kahawa, mawese, mbao na mazao mengine hayataingia soko lao kama yametoka kwenye shamba lililofunguliwa kwa kukata msitu baada ya tarehe 31/12/2020. Utekelezaji umesogezwa mara mbili; kwa makampuni makubwa sasa ni tarehe 30/12/2026. Kila shamba lazima lijulikane liko wapi. Dogo, lisilozidi hekta 4, nukta moja ya GPS inatosha. Kubwa kuliko hapo linachorwa mipaka yake yote. Tena sheria haikuishia kwa miti: inadai zao liwe limelimwa kwa kufuata sheria za nchi, pamoja na haki ya ardhi.

Sheria hiyo hatuipingi. Hifadhi ya Okapi iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini. Msitu ukiisha, sisi njo tutabaki na jua kali. Wazungu watanunua kakao pengine.

Shida yetu ni namna orodha inavyoandikwa.

Fikirini vile inakuwa. Mtu anafika kwa pikipiki, anatoa simu, anazunguka shamba, kisha anauliza: "Shamba ni la nani?" Anayejibu ni bwana. Mama aliyepalilia, aliyepasua maganda, aliyeanika mbegu na kuzikimbiza ndani mvua ilipokuja, yeye yuko jikoni anampikia mgeni. Jina linaloingia kwenye simu ni la bwana. Kuanzia siku ile, miche, mafunzo na malipo ya ziada vinafuata jina lile. Bwana akifa, ndugu zake wanakuja na orodha mkononi: "Hata kampuni inajua shamba ni la kaka yetu." Katiba yetu, kipengele cha 14, inaiamuru Leta iondoe kila ubaguzi dhidi ya mwanamke. Lakini simu ya yule mjumbe haikusoma Katiba.

Kuna jambo zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 27/7/2025, huko Komanda, waasi wa ADF waliua watu zaidi ya 30, wengi wao waumini waliokuwa wanakesha kanisani. Ni Komanda ileile maroli ya mazao yanapopita, pale barabara ya Bunia inapokutana na ya Beni na ya Mambasa. Kila shambulio linafukuza watu mashambani. Miti ya kakao haikimbii: inabaki pale na inaendelea kuzaa. Anayevuna ni nani? Na mjumbe wa GPS akifika leo, atamkuta nani chini ya mti? Atamwandika yule aliyemkuta. Mjane aliyekimbilia Bunia, analala chini ya turubai, siku atakaporudi ataambiwa shamba lina mwenyewe, tena yuko kwenye kompyuta ya Ulaya. Unyang'anyi uliofanywa kwa panga utakuwa umepata muhuri.

Wengine watasema: basi makampuni yaondoke Ituri, kuko hatari. Hapana. Kuondoka ni rahisi kwao, si kwetu. Mwaka 2024 bei ya kakao sokoni New York ilipita dola 10.000 kwa tani. Mali ya namna hiyo haikosi mnunuzi. Kampuni inayoulizwa maswali ikienda, anabaki yule asiyeulizwa kitu. Kakao itavuka kwenda Uganda usiku, itachanganywa na ya kule, na jina la Ituri litapotea pamoja na jina la mama.

Kuna mfano ambao si wa mbali. Mama Marcelline Budza, mwanagronomi wa Bukavu, alianzisha Rebuild Women's Hope mwaka 2013 na kuwakusanya bamama wanaolima kahawa kisiwani Idjwi, ndani ya ziwa Kivu. Aliona jambo ambalo kila mmoja wetu amelikuta kwao: mama analima, bwana anauza, pesa haionekani. Idjwi si Irumu, tunajua. Lakini somo ni moja: mama hafaidiki kwa kupigwa picha na gunia. Anafaidika akihesabiwa kama mkulima, akisimama mwenyewe mbele ya mizani, na pesa ikiingia mkononi mwake.

Kwa hiyo, sisi vijana tunadai:

Kwa Mama Direkta: jina la mama liandikwe pamoja na la bwana kwa kila shamba. Orodha isomwe mbele ya kijiji chote kabla haijatumwa Ulaya. Shamba ambalo mwenyewe amekimbia vita liwekewe alama, lisipewe mtu mwingine. Bei ya siku ibandikwe mlangoni pa kila depo. Na wewe mwenyewe udai kwa wakubwa wako uwezo wa kusimamisha ununuzi na kupandisha bei. Kama ofisi yako inaandika ripoti tu na saini iko kwa mwingine, basi walikupa kiti cha kupokea wageni.

Kwa ONAPAC na mamlaka ya jimbo: orodha hizi si mali ya makampuni peke yao. Leta iwe na nakala yake, na mkulima apewe karatasi yenye jina lake. Utawala wa kijeshi ulioanza tarehe 6/5/2021 uliahidi usalama. Usalama wa barabara ya Komanda njo kipimo chetu, si hotuba.

Kwa sisi wenyewe: wapo kati yetu waliolipiwa masomo kwa kakao au kahawa ya mama, na leo tunashinda Nyakasanza na Mudzipela tukipiga kelele kwenye simu. Simu ileile inajua GPS. Mpigie mama, umuulize: "Wamekuja kuandika shamba? Waliandika nani?" Kama mmekimbia, mkae na wazee wa kijiji chenu, mwandike majirani ni nani, mpaka uko wapi, nani alipanda na mwaka gani. Karatasi hiyo muitunze. Siku ya kurudi itahitajika.

Tarehe 30/12/2026 si mbali, na orodha ikishafungwa, kuifungua ni kesi ya miaka. Bamama wetu hawana miaka ya kupoteza mahakamani.

Jina la mama liandikwe. Liandikwe sasa.