Zawose Alikuwa Mwanamuziki wa Klasiki

Hukwe Zawose alikuwa mwanamuziki wa klasiki. Nalisema mapema ili anayetaka kubisha aanze sasa, maana kila ninapolisema mbele ya wenzangu wa shahada ya uzamili, mtu hucheka. Klasiki, naambiwa, ni Bach na Mozart, ni yule dada wa vayola aliyevaa nguo nyeusi jukwaani. Zawose ni "ngoma za asili". Anaitwa kutumbuiza wageni wanapokula, kisha hotuba zinaanza.

Basi tulinganishe. Mpiga vayola hufundishwa tangu utotoni na mtu aliyefundishwa na mtu mwingine. Huvuta upinde juu ya nyuzi kwa miaka mingi hadi sikio lake litambue tofauti ambazo sisi hatuzisikii. Akikomaa, huajiriwa katika kundi kubwa, kisha naye hugeuka mwalimu. Hiyo ndiyo kazi ya maisha yake, na tunaiheshimu.

Zawose alizaliwa mwaka 1938 huko Ugogo, Dodoma. Muziki aliupata nyumbani, kwa baba yake. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaingia katika sanaa ya taifa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanzishwa mwaka 1981, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Alipiga zeze kwa upinde, alipiga ilimba, alitengeneza ala. Alitoa *Chibite* mwaka 1996, akatoa *Assembly* na Michael Brook mwaka 2002. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, *Maisha*. Mwalimu, ala, mbinu, jukwaa, wanafunzi: kipi kimepungua?

Wabishi hujibu: maandishi. Muziki wa klasiki umeandikwa kwa nota. Lakini raga za India tunaziita klasiki bila kigugumizi, nazo kwa karne nyingi zimepita kutoka kinywa cha mwalimu hadi sikio la mwanafunzi. Jina hilo halikuwadondokea Wahindi kutoka mbinguni. Watu kama Bhatkhande walizunguka nchi wakikusanya raga, wakazipanga, wakazichapisha, na mwaka 1926 kikafunguliwa chuo cha muziki Lucknow. Klasiki ni muziki ambao wenyewe wameamua kuufundisha kwa umakini.

Wengine husema zeze "halina skeli kamili". Hapa ndipo ninapokasirika kabisa. Uzi mmoja ukilia, ndani yake zimo sauti nyingine zinazopanda juu kwa mpangilio wa maumbile: ya pili, ya tatu, ya nne, na kuendelea. Gerhard Kubik, aliyetafiti muziki wa Afrika kwa miongo mingi, ameeleza jinsi Wagogo walivyojenga skeli yao kutoka katika sauti hizo. Ile ya saba iko chini ya noti iliyo karibu nayo kwenye kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kinanda hakina kitufe chake. Kwa hiyo aliyezoea kinanda anasikia kosa mahali ambapo Mgogo anasikia usahihi.

Vayola, kwa upande wake, inaiweza. Shingo yake haina vizuizi; kidole kinatua popote sikio linapotaka. Kwa hiyo sina ugomvi na vayola. Natamani mpiga vayola wa Dar es Salaam akae mwaka mmoja na mpiga zeze wa Dodoma, akiwa mwanafunzi. Ugomvi wangu ni na ngazi tuliyoijenga sisi wenyewe, ambapo mtoto anaweza kufanya mitihani ya vayola ya bodi ya London, ngazi ya kwanza hadi ya nane, akapata cheti kinachotambulika, ilhali aliyekaa miaka kumi na mwalimu wa zeze hana karatasi yoyote ya kumwonyesha mwajiri.

Mtauliza Mfipa wa Msanzi anatafuta nini kwa Wagogo. Natafuta onyo. Zawose alipata redio, chuo, kanda na pasipoti, na bado tunamwita burudani. Wazee wetu wa uwanda wa Ufipa hawakupata hata kimoja. Kwaya niliyokulia ilikuwa na kinanda cha umeme chenye midundo iliyorekodiwa kiwandani, na kila wimbo wa Kifipa ulioingia humo ulinyooshwa hadi ukaenea kwenye vitufe. Kizazi changu kinaujua wimbo ulionyooshwa tu. Wanaoujua ule mwingine wana miaka sabini na kuendelea, na kila msimu wa mvua tunazika mmoja.

Kwa hiyo siombi tamasha jingine la utamaduni lenye fulana na hotuba. Naomba wazee hawa waajiriwe kama walimu, walipwe kwa saa kama anavyolipwa mwalimu wa vayola, bila kudaiwa cheti ambacho hakuna anayekitoa. Naomba mitihani ya zeze na ilimba, ikisahihishwa na wapigaji wenyewe. Na vijana wenzangu wenye simu nzuri: mkienda likizo vijijini, mrekodini mzee wimbo mzima, pamoja na jinsi anavyokaza nyuzi kabla hajaanza, kisha mwombeni awafundishe.