Katuni ya mfadhili ipo, michoro iko wapi?

Kuna jamaa tunakaa naye ploti moja hapa Murera. Wakati wa Korona alichora katuni ya dakika tatu ya kufunza watoto kunawa mikono. Shirika fulani lilimlipa, video ikatoka, nembo ya shirika ikakaa mwanzo na mwisho. Jina lake halikuwekwa popote.

Juzi studio moja inayotafuta wachoraji ilimwambia asilete video pekee, alete michoro yenyewe: nyuso za wahusika, mandhari, zile karatasi za kupangia hadithi picha kwa picha. Hana. Laptopu ilikufa, diski ya nje aliiuza alipolemewa na kodi ya nyumba, na alipoliandikia shirika akajibiwa kuwa mradi ulishafungwa.

Utasema ni uzembe wake. Mimi pia nilimwambia hivyo, hadi nilipoanza kusoma na kugundua kwamba hata waliokuwa na pesa walitupa kazi za aina hii bila kupepesa macho.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1943 kampuni ya Disney ilitengeneza The Winged Scourge, katuni fupi kuhusu mbu na malaria. Aliyelipa ni serikali ya Marekani, na walengwa walikuwa watu wa Amerika ya Kusini. Jirani zetu Congo nao, padri Mbelgiji Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, swala mdogo mjanja, miaka ya 1950. Mtindo ni ule ule wa huyu jamaa yangu: mwenye pesa ana ujumbe, mchoraji ana penseli.

Enzi hizo kila kitu kilichorwa kwa mkono. Mchoro wa penseli ulihamishwa kwenye karatasi angavu ya plastiki inayoitwa seli, ukapakwa rangi kwa nyuma, ukapigwa picha. Filamu ikiisha, seli zilioshwa zitumike tena, au zikatupwa. Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955, wageni waliuziwa seli za filamu kubwa kwa dola chache tu, kama vile sisi tunavyonunua stika ya matatu. Leo watu wanazipigania kwenye minada.

Hata zilizobaki zina shida zake. Plastiki ya asetati huoza taratibu, inajikunja na kutoa harufu kali ya siki. Rangi nayo hupasuka na kubanduka. Dawa kubwa ni baridi na unyevu uliodhibitiwa, na hiyo ni stima inayolipiwa kila mwezi. Nani atalipia stima ya kutunza tangazo la zamani?

Lakini kuna kisa kimoja kinachonifanya niamini kwamba inafaa. Wengi wetu tunaijua Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri ikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Mwaka 1954 ilikuwa imeshakuwa filamu ya katuni, kazi ya John Halas na Joy Batchelor huko Uingereza. Ina dakika 72. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu zaidi ya 100,000. Kumbe nyuma ya pazia pesa zilitoka CIA. Na mwisho ulibadilishwa: kwenye kitabu wanyama wanabaki wakishangaa tu, nguruwe na binadamu hawatofautishiki tena, kwenye filamu wanainuka na kupindua.

Miaka mingi baadaye mwanahistoria Daniel Leab alichimba karatasi za utengenezaji wa filamu hiyo, akatoa kitabu mwaka 2007 kuhusu mkono wa wafadhili ndani yake. Filamu peke yake haikuambii nani alisema mwisho ubadilishwe. Ni rasimu, barua na michoro iliyokataliwa ndiyo huonyesha. Kwa hivyo mchoro wa mwanzo ni ushahidi kabla hata hujafikiria urembo wake. Miaka 50 ijayo, mtu akitaka kujua nani alikuwa akitufunza nini enzi hizi, atahitaji karatasi za jamaa wa Murera kuliko video yenye nembo.

Sasa njoo kwa sheria, maana hapa ndipo vijana wengi huumia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, umetoa. Ila kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeunda, hata kama hakimiliki imeenda. Jamaa yangu hakujua yote mawili. Alipewa mkataba wa kurasa nne kwenye simu, akaweka sahihi akiwa ndani ya matatu kwenye Thika Road.

Sentensi moja tu ingetosha: michoro ya awali na faili za kazi zinabaki kwa mchoraji, na anaweza kuzionyesha anapotafuta kazi. Na mradi ukiwa wa pesa za umma, mimi naona wizara ingedai michoro pamoja na video, kisha seti moja ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Faili zenyewe zitunzwe pia kama picha za kawaida, si kwa programu ya kulipia pekee. Siku usajili ukiisha, faili inakuwa jiwe. Nakala mbili, moja isikae nyumba moja na wewe. Wezi wa huku hawabagui diski.

Jana jioni alinibishia mlango akicheka. Amepata kwenye WhatsApp ya dadake picha ya karatasi moja: msichana ameinamia karai, penseli tupu, na alama ya kikombe cha chai pembeni. Ameichapisha saiba kwa shilingi kumi. Jumatatu anaipeleka.